Leteni Mwenye Kinywa

Mtoto wa dada yangu aliguna. Sikulichagua neno hilo ovyo. Watoto wachanga hulia, hupiga kelele, hukoroma puani, lakini sikuwa nimewahi kumsikia mmoja akiguna kama mtu mzima anayepandisha gunia la makaa mlima wa Kadutu. Sauti ilitoka chini ya kifua, ikakatika, ikaanza tena. Dada alikuwa akimwogesha katika beseni, na kila alipovigusa vidole vya mtoto, vilivyovimba hadi ngozi ikang'aa, mguno ule ulirudi. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuinua uso.

"Ni meno," akasema. "Batoto bote banafanyaka vile."

Nilijua vema kwamba meno hayaoti kwenye vidole. Tulimfunga mtoto mgongoni kwa mamaye tukashuka hospitalini, na huko, baada ya damu kupimwa, tukaambiwa kwamba ana selimundu, ugonjwa ambao mjini kwetu Bukavu watu huuita kwa herufi mbili tu, SS. Chembe zake za damu hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na palipoziba panauma. Kisha tukaonyeshwa chumba kilicho mwisho wa ukumbi.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na mwanamke ninayemwandika hapa. Wote waliowahi kupita katika chumba kile walimwita Maman Conseillère. Mimi nitamwita Mshauri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya. Alizikalisha familia zenye ugonjwa wa kurithi, akazieleza ulivyowafikia, na unavyoweza kumfikia mwingine. Jina lake sitalitaja. Angelipenda litajwe, na kwa herufi kubwa, lakini katika hili nitamkatalia.

Ninayo sababu ya kumwandika sasa. Dada na mimi tumetoka tumbo moja. Nami nilipopimwa niligundulika kuwa mbebaji, kwa kifupi AS: mzima kabisa, ila nina nakala moja ya jeni yenye kasoro ninayoweza kumpa mtoto. Nikiolewa na mbebaji mwenzangu, kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye mguno ule. Mchumba wangu anafanya utafiti wa mimea huko Lwiro. Hajawahi kupimwa, na nilipokaa kuandika picha hii hakujua kwamba mimi nimepimwa. Watu wa kwao walikuwa wakingoja siku ya kuleta dot, mahari yetu. Nami niliendelea kuisogeza, mara kwa sababu ya tasnifu, mara kwa sababu ya mvua. Angekuwa msituni Shabunda, ningesingizia mtandao. Lwiro simu zinashika vizuri kabisa.

Kikao chetu cha kwanza hakikudumu. Mshauri alimtoa kila mtu nje, hata mimi, akazungumza na dada peke yake. Kisha akaniita, akauliza swali ambalo baadaye nilimsikia akiwauliza watu wa kila namna, wakulima wa Kabare na wenye magari yao.

"Ku bwana yako, nani njo iko na kinywa?"

Dada hakuelewa.

"Yule akisema, bote banakubali. Nani?"

"Mama mukwe," dada akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja mahali panapouma.

"Basi murudi naye, na bwana yako, bwana apimwe kwanza. Leo nakupa ya mutoto: maji mingi, dawa, thermomètre. Ile ya damu nitaisema mara moja, mbele ya ule mwenye kinywa."

Nilikasirika. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na nilikuwa nimesoma mengi juu ya siri ya mgonjwa. Nikamwambia hivyo, kwa sentensi ndefu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi.

"Siri ya dada yako naichunga," akasema. "Njo maana nilikutosha inje. Nimemuuliza, amekubali. Lakini akipanda nayo kule yeye moja, itafika ku nyumba ikiwa imeshageuka kosa lake."

Hakukosea. Kwetu, mtoto akizaliwa na ugonjwa usioeleweka, swali la kwanza ni: mwanamke huyu alitoka ukoo gani? Wapo waliorudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa sababu ya jibu la swali hilo. Ndiyo sababu Mshauri hakuanza kazi mpaka mwenye kinywa ameketi. Wakati mwingine alikuwa shangazi, wakati mwingine kaka mkubwa, na mara moja, nasikia, alikuwa jirani.

Wetu alikuja amevaa kitenge cha sikukuu. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kupimwa na kuambiwa faraghani, naye aliketi akitazama viatu vyake.

"Kwetu hii ugonjwa haiko," mama mkwe akaanza kabla ya salamu kukauka. "Tangu nizaliwe sijaiona. Ilikuya na yeye."

"Maman, ikala huku karibu yangu," Mshauri akasema, akimvutia kiti kizuri. "Njo weye nilikuwa nangoja."

Kisha akatoa vizibo vya chupa. Cha bia kilikuwa nakala nzima, cha sucré, yaani soda, kilikuwa ile yenye mundu. Alimpa shemeji kimoja cha kila aina, na dada vivyo hivyo. Akawaagiza waweke mikono nyuma ya mgongo, wachanganye, kisha kila mmoja atoe kimoja bila kutazama: hapo mtoto amepatikana. Mara ya kwanza vilitoka vya bia vyote viwili, na mama mkwe akapiga makofi kana kwamba mjukuu mpya amezaliwa pale pale. Mara ya pili kimoja cha bia na kimoja cha sucré. Wakarudia tena na tena, mpaka vikatoka vya sucré viwili.

"Nani amechagua?" Mshauri akauliza.

"Hakuna," shemeji akajibu.

"Nani ameiba?"

"Hakuna."

Mama mkwe aliinama akavitazama vizibo karibu. "Na huyu wangu," akasema polepole, akimwonyesha mwanawe, "hiyo ya sucré aliitosha wapi?"

"Ku mumoja wa bazazi wake, ao ku bote. Sijui ni nani, na sitafute mwizi."

Bibi yule akajipiga goti. "Ni bwana yangu, ule marehemu! Maisha yake yote hakuonjaka pombe, ni sucré tu! Hata ku kaburi ananisumbua!"

Tulicheka hadi dada akalia. Mshauri mwenyewe alifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akamweleza kwa upole kwamba marehemu pia hana kosa, na kwamba kinywaji hakihusiki. Lakini kazi ilikuwa imekwisha fanyika. Mashemeji wa dada walipoanza maneno yao, mama mkwe ndiye aliyewanyamazisha. "Munajua nini, ninyi?" aliwauliza. "Mimi nilichezewa ile vizibo mbele ya macho yangu." Dada yangu bado yuko katika nyumba ile, na hakuna anayemwuliza alitoka ukoo gani.

Nimeziona kazi nyingi za kitaalamu zikisifiwa katika makongamano. Hiyo ndiyo ninayojivunia kuliko zote, nami sikuifanya mimi.

Katika mambo yote ya dunia Mshauri alikuwa dikteta. Aliamua nani aketi wapi. Aliwaagiza kina baba wambebe mtoto wenyewe, na baba aliyeingia mikono mitupu alirudishwa nje aingie upya. Aliwavua watoto masweta na kuwavika mengine. Katika soko la Kadutu nilimwona akimpokonya mwanamke asiyemjua nyanya mkononi: "Hii imeoza ku tumbo, maman, chukua ile." Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, lakini mtu akisema chumbani mwake "ni mapenzi ya Mungu" kabla ya joto la mtoto kupimwa, alimkata kauli: "Kwanza thermomètre, nyuma Mungu. Mungu anajuaka kungoja."

Mwanamke huyohuyo, ukimwomba akuamulie jambo moja tu, lile kubwa, alikataa. Nilikuwapo siku mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Shabunda alipokuja na mchumba wake, wote wawili wabebaji. Mshauri alikuwa amewaeleza yote: uwezekano, matunzo yaliyopo, yasiyopo, watoto wanaokua na wasiokua. Mwanamume alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Maman, basi sema. Tuoane ao tusioane?"

"Hiyo sisemi."

"Weye si njo mukubwa hapa? Mukubwa anasemaka!"

"Mimi niko mukubwa ya maelezo. Ya ndoa yenu, bakubwa ni ninyi babili."

"Donc tulitembea hii njia yote ya matope juu ya kuambiwa hatuambiwe?"

"Muliambiwa mingi, papa. Ile inabakia si yangu."

Waliondoka wamenuna. Nilimwuliza haoni ukatili kuwaacha hivyo watu waliozoea mzee kuamua. Tulibishana hadi chai ikapoa, maana alipenda ubishi, na alikuwa amesoma. Makala nilizompelekea alizirudisha zimepigwa mistari, maswali pembeni kwa Kifaransa kikali. Alisema wako waliooana na wako walioachana, na kwamba katika miaka yake yote amealikwa kwenye harusi za wote, hata za walioachana wakaoa kwingine. "Ningeamua mimi," akasema, "nusu yao bangekuwa bananikimbia ku barabara."

Kosa lililomsumbua zaidi lilikuwa la watu werevu. Dereva mmoja wa Bagira, mwenye mtoto mmoja mgonjwa, alikuja na mke mjamzito, uso umemtulia.

"Maman, ulisema ni mumoja ku bane. Siye tulishakula zamu yetu. Bale batatu banabakia ni bazima, si ndiyo?"

Asiyekulia kwetu hataelewa jinsi hesabu hiyo ilivyo ya kawaida. Karibu kila mtu Bukavu yumo katika likirimba: mnachanga pamoja, chungu kinamwendea mmoja, na ukishakipata unakaa pembeni hadi wote wapate. Dereva yule alikuwa ameichukua sheria ya haki kuliko zote anazozijua akaipeleka katika damu.

Mshauri hakucheka. Alivuta kiti, magoti yao yakakaribiana.

"Papa, damu haina likirimba. Kila mimba inaanza mupya, haijue wa kwanza alipata nini."

"Donc hata huyu?"

"Hata huyu anaweza. Anaweza pia kuwa muzima. Na bote bale bengine banaweza kuwa bazima. Haiko deni, haiko zamu."

Mke wake alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mume akamtazama, akasema tu, "Kumbe." Tangu siku hiyo Mshauri hakumruhusu mtu kutoka chumbani kabla ya kumrudishia maelezo kwa maneno yake mwenyewe. "Nirudishie," alisema, akifumba macho asikilize, na penye kosa alifumbua jicho moja.

Alikuwa na majivuno, na sioni sababu ya kuyaficha. Alivaa viatu vyeupe katika mji wa matope mekundu, na viliendelea kuwa vyeupe; sijui kwa mbinu gani. Hakuvumilia kusikia mtoto wa SS akiitwa wa kufa. Alikuwa na kijana mmoja, mshonaji, aliyekuja kwake akiwa mtoto wa kubebwa. Siku za misa ya sherehe alimsimamisha mbele ya kanisa kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. "Mwangalieni mabega! Mwangalieni suti, ameishona yeye mwenyewe! Banasema hawakomaake?" Kijana aliona haya, naye hakumwachilia. Na mtoto mwingine alipofariki, nilimwona Mshauri akifagia chumba chake kilichokuwa safi, akakifagia tena.

Jibu la kipimo changu pia alinipa yeye. Akafumba macho: "Nirudishie." Nilimrudishia bila kosa, sehemu kwa sehemu, na uwezekano wote nikautaja. Akafumbua macho yote mawili.

"Bien. Na ule wa Lwiro?"

"Nitamwambia."

Hakusema lolote zaidi. Hilo ndilo lililonikera.

Alistaafu, akahamia nyumba yake huko Kasha. Mimi niliendelea na tasnifu, ambayo inahusu vikao vya aina yake, na niliendelea kutomwambia mchumba wangu. Nilikuwa nimeyachambua majibu yake yote yanayowezekana. Akiwa mbebaji, ataniacha, au hataniacha kisha atajuta. Akiwa si mbebaji, atanioa kama mtu anayetoa msamaha, nami nitaishi ndani ya msamaha huo. Akikataa kupimwa, nitajua jambo ambalo sikutaka kulijua juu yake. Kila tawi lilizaa matawi. Asubuhi moja nilijikuta nashindwa kuandika hata sentensi moja ya sura ya tatu, nikapanda pikipiki hadi Kasha.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye kiti cha plastiki, akimsimamia fundi aliyekuwa akimjengea ngazi ya saruji, kwa sababu magoti yalikuwa yamechoka na mteremko.

"Inalala ku kushoto!" alimpigia kelele fundi.

"Hapana, maman, ni macho yako," fundi akajibu, pimamaji mkononi.

"Macho yangu ilisoma mengi kuliko ile niveau yako." Kisha akaniona. "Ah! Professeur wangu! Umekonda. Leta kiti. Umekunywa chai?"

Nilimweleza yote, matawi na vitawi. Jua lilikuwa likiwaka juu ya mabati ya Bagira, na fundi, kwa adabu, alijifanya hasikii. Nilipomaliza nikamwambia, "Maman, leo usinikatalie. Niambie nifanye nini. Mara moja tu."

"Hapana."

"Mimi si mgonjwa wako. Niko kama mutoto wako."

"Njo maana hapana ni mbili."

Nikainuka. Machozi yalikuwa yananikaribia na sikutaka fundi ayaone. Akanishika mkono, akanikalisha tena. Hilo, kama nilivyosema, aliliweza.

"Ngoja. Nikuulize kitu. Ile majibu yote umenipa, huyu kijana alikupa lini?"

"Hajanipa. Nimefikiria."

"Kumbe." Alitazama saruji. "Mimi, miaka yote ile, sikuamulia mutu hata mumoja. Bengine bananitukana juu ya ile. Na weye uliikala pale unaona. Unaandika ile mu kitabu yako ya chuo, unasema ni mzuri." Akanigeukia. "Na huyu wako umeshamuamulia yote. Umemupima, umemukasirisha, umemusamehesha, umemuachisha. Yeye iko Lwiro anaangalia majani yake, hajue hata kama alishaulizwa."

Katika sura ya pili ya tasnifu yangu nimeandika, kwa lugha ninayojivunia, juu ya haki ya mtu kuijua damu yake na kuamua mwenyewe. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemnyima haki hiyo mtu mmoja tu duniani, yule ninayempenda, na nilikuwa nimeita jambo hilo uangalifu.

"Sikukuambia umupigie," Mshauri akasema. "Usiseme kesho nilikuambia."

"Hukuniambia."

"Bon." Akageuka. "Fundi! Sasa inalala ku kuume!"

Nilitembea hadi kwenye ukingo wa kiwanja, mahali ambapo sauti yake na ya fundi zilikuwa bado zinasikika lakini maneno hayakusikika. Nilikuwa nimetayarisha utangulizi unaoanza na chembe za damu. Nikampigia mchumba wangu, simu ikaita. Akapokea haraka, kwa furaha, akiniita docteur kama kawaida yake.

"Niko AS," nikasema. "Kama yaya." Ndivyo tunavyomwita dada. "Nilipimwa zamani, sikukuambia. Weye hatujue uko nini. Ukikuwa AS pia, tunaweza kupata mutoto kama wa yaya."

Upande wa pili nilisikia mlango ukifungwa, kisha pumzi yake.

"Rudilia," akasema. "Polepole."

Nikarudia, polepole. Kichwani mwangu maneno yote niliyotaka kumpa yakasimama kwenye mstari yakigombania zamu: asikasirike, asinihurumie, asijisikie amefungwa, aweza kuondoka, aweza kubaki. Niliuma mdomo. Sikumpa hata moja.

"Njo juu ya hii ulikuwa unakimbia siku ya dot?"

"Ndiyo."

"Nilifikiri kuko mutu mwingine."

Hilo halikuwa katika tawi lolote. Nilikaa chini kwenye majani.

"Hakuna mutu," nikasema.

"Leo siwezi kukuambia kitu," akasema. "Sijui nitasema nini. Nataka nijue yangu kwanza. Kule banapimaka, nikikuya samedi banaweza kunipokea?"

"Samedi hawapimi," nikasema, maana Jumamosi maabara hufungwa hadi Jumatatu. "Ni lundi."

"Basi lundi," akasema.